Mpigaji wa Nyundo

Jua lilikuwa linazama na nilikuwa nimebakisha laini moja tu ya kupima juu ya ukuta wa bwawa. Bwawa lile ni la udongo, nje kidogo ya Kajiado, na chini yake kuna boma kumi na tisa. Mvua kubwa ilitarajiwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi ningeulizwa swali moja: ukuta utashika, au watu wahame?

Kazi yangu ni ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kompyuta, mwingine hupiga bamba la chuma kwa nyundo, na vifaa vilivyochomekwa ardhini husikiliza mshindo ukipita ndani ya udongo. Miaka kumi na mmoja mpigaji wangu alikuwa Wanyonyi. Tulimzika Aprili, kwao Kimilili. Tangu hapo napiga mwenyewe na kusoma mwenyewe, na upweke umenichosha, nasema ukweli.

Saruni, mlinzi wa bwawa, alikuja kuniaga.

"Engineer, maliza haraka. Sisi hatukuwangi hapa jioni."

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu." Aliyatazama maji. "Lakini usiite mtu kwa jina hapa."

Nilimcheka kimoyomoyo. Akaenda zake na ng'ombe wake, nikabaki na harufu ya tope.

Nilikaa kwenye kompyuta kuangalia kama vifaa vinasikia. Mazoea yana taabu. Mdomo ukasema wenyewe:

"Wanyonyi, piga."

Ngo!

Mawimbi yakatokea kwenye skrini, safi kabisa. Niligeuka. Nyundo ilikuwa imelala palepale nilipoiacha, mita arobaini kutoka kwangu.

Mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilifurahi, jamani. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

"Ni wewe?" nikanong'ona.

Nikapangusa macho.

"Haya. Sogea mita mbili. Piga."

Ngo!

Tukaendelea hivyo laini nzima. Sikugeuka tena. Kati ya pigo na pigo nilimpa habari za mkewe, Naliaka, na za nyumba yangu ya Kitengela ambayo haina wa kunifungulia mlango.

Picha ilipokamilika niliona pango katikati ya ukuta, pana kama chumba cha kulala. Watu walipaswa kuhama, hilo halikuwa na mjadala. Kisha nikaona mapigo yenyewe yalikotoka.

Hayakutoka juu ya ukuta.

Yalitoka ndani ya pango. Na kila pigo lilikuwa karibu zaidi na mahali nilipokaa.

Harufu ya tope ikazidi. Chini ya miguu yangu, kwa sauti ya Wanyonyi, nikasikia jina langu:

"Mbuvi... njoo tupumzike."

Nilikumbatia kompyuta nikakimbia hadi barabarani.

Boma zote zilihama Alhamisi. Jumamosi ukuta ulipasuka, na hata mbuzi hakufa. Wazee walinibariki, mama yake Saruni akanivisha shanga shingoni. Nimewasimulia niliyoyasikia, na wote wanasema Mungu aliniokoa nisimjibu yule aliyeniita.

Mimi sijamwambia mtu kwamba kila jioni najuta sikumjibu.