Kitabu Alichobakiza Mume wa Shangazi

Shangazi alinikataza kugusa kabati lake, tena si mara moja, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Ulikuwa mchana wa kawaida tu. Yeye amelala, nguo zinakauka uani, mimi natafuta chaja. Chini ya mashuka nikakuta kishikwambi cha kusomea vitabu cha marehemu mumewe.

Chaji ilikuwa imekwisha zamani, ila ukurasa ulibaki kwenye kioo. Vioo vya aina ile hushika maandishi hata bila umeme. Mstari wa chini ulionyesha kwamba marehemu alikuwa karibu kumaliza kitabu. Mimi nikaona tu kitu kizuri kinachoozea kabatini. Fundi simu mzima, nikiache?

Nikakipeleka kibandani kwangu, nikakichaji, nikakichakachua. Kilitengenezwa kwa vitabu tu. Mimi nilitaka kiingie duka la app kama simu yoyote, nipate muziki na filamu. Nilifuta kila kitu cha marehemu, nikaweka mfumo mwingine na akaunti yangu. Duka likafunguka. Nikajipigia makofi kama mwehu.

Kabla sijachagua chochote, kitu kikaanza kujipakua. Kilikuwa kitabu. Kikafunguka palepale marehemu alipoishia.

Ukurasa ukageuka.

Mikono yangu ilikuwa magotini.

Nikakizima. Kikawaka. Ukurasa ukageuka tena, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayesoma kila neno.

Nilikimbia nacho hadi nyumbani. Shangazi alikuwa ameketi kitandani. Amevaa viatu.

"Umekichaji," alinong'ona.

"Nisamehe, shangazi. Sikujua."

"Mume wangu aliniambia siku anakata roho, 'Nikimaliza kitabu hiki nakuja kukuchukua.' Ndiyo maana nilikiacha kizimike, mwanangu. Amebakiza kiasi gani?"

Nikatazama. Mstari ulikuwa umejaa hadi mwisho. Nikaanza kulia. Akanishika mkono.

"Wanangu usiwaambie kwamba ni wewe."

Akajilaza na viatu vyake. Hakuamka.

Tumemzika. Wanawe wananishukuru kila wanaponiona, eti angalau mama hakufa peke yake. Naitikia, naangalia chini. Kiherehere changu ndicho kilichomuua, na yeye akatumia pumzi yake ya mwisho kunifichia aibu.

Jana nilikifungua kile kishikwambi nikang'oa betri. Ukurasa wa mwisho ulibaki kwenye kioo, na hilo halikunishtua, ndivyo vioo vile vilivyo.

Leo asubuhi nimekuta ukurasa wa kwanza wa kitabu kingine, nisichokijua. Juu yake kuna jina la mwenye akaunti, nalo ni langu. Mstari wa chini umeshaanza kusogea.

Betri ninayo mfukoni.