Ua Kwenye Kioo cha Pikipiki

Ting! Sindano ilidondoka ndani ya beseni la bati, na katika giza lile mlio wake ukawa mkubwa kuliko sindano yenyewe. Akaiti akazuia pumzi. Kwenye godoro, binti yake Tuaine, mtoto wa miaka mitano, alijigeuza, akanung'unika kitu kuhusu maandazi, akalala tena. Akaiti akatabasamu peke yake. Alipapasa majini, katikati ya maua meupe ya tiare yaliyokuwa baridi kama vidole vya mtoto aliyetoka kuoga, akaiokota sindano, akaendelea kutunga. Mataji saba yalikuwa tayari. Hakuwasha taa. Vidole vyake vilijua njia.

Kulipopambazuka, soko la Jumamosi la Avarua, mji mkubwa wa kisiwa chetu, lilikuwa limeshajaa. Moshi wa samaki wa kuchoma ulipanda polepole na kujichanganya na mawingu yaliyokaa juu ya milima, hata usijue kipi kinaishia wapi. Akaiti alikuwa amevaa gauni la njano lililomfika magotini, nywele kazifunga kifundo, na ua moja kalichomeka sikio la kulia. Hapa kwetu hakuna asiyejua maana yake. Kulia, moyo uko huru. Kushoto, una mwenyewe.

Kando ya meza ya Mama Upokoina, muuza maandazi, palikuwa na pikipiki nyekundu imeegemezwa kwenye mti. Taa ya mbele haikuwepo, usukani ulikuwa umepinda kama pembe ya mbuzi, na kioo kimoja tu kilikuwa kimesalia. Kipande cha boksi kiliandikwa: INAUZWA KAMA ILIVYO.

"Mtalii huyo," Mama Upokoina alieleza huku akigeuza maandazi. "Nilimkodisha Jumanne. Jumatano akaniambia mshelisheli umemkatiza barabarani. Mti, mwanangu! Umekaa pale tangu bibi yangu hajazaliwa, siku hiyo ukaamua kuvuka."

Akaiti alicheka, lakini macho hayakutoka kwenye pikipiki. Alikuwa amepata kazi jikoni katika hoteli moja kule Muri, zamu ya saa kumi na moja alfajiri, kuanzia mwezi ujao. Basi la kwanza, liwe la kuzunguka kisiwa kwa kulia au kwa kushoto, linaondoka saa moja. Bila pikipiki hakuna kazi. Na bila kazi, ilibaki ile njia ya wengi: ndege ya kwenda Auckland, ng'ambo ya bahari, kwa shangazi Mere, ambaye alishasema chumba kipo.

Mtu alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki, mgongo kawapa watu. Shati lake la buluu lilikuwa na doa la oili begani lenye umbo la kisiwa. Akaiti alisimama nyuma yake, na yule mtu akainua macho, akamwona ndani ya kile kioo kilichosalia: uso wa duara, usingizi kidogo machoni, ua jeupe kando ya shavu. Mkono wake ulisahau ulichokuwa ukifanya. Kisha akalitazama lile ua vizuri. Lilikuwa upande wa kulia wa kioo, yaani, kwa mtu anayetazamana naye, sikio la kushoto.

*Mke wa mtu,* alijiambia, na asubuhi ikapungua nuru kidogo.

"Mama, nataka ua!" Tuaine alilia, akimvuta mama yake gauni. Akaiti akalichomoa, akambandika mtoto kwenye nywele. Yule mtu alipogeuka, ua halikuwepo tena.

"Samahani, kaka, unainunua hii?"

"Naangalia tu." Alisimama. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na injini kutwa. "Naitwa Teokotai. Nina karakana pale Avatiu. Wewe unaitaka?"

"Naitaka. Ila sijui kama naye ananitaka." Akaiti aliishika pikipiki tandiko. "Niambie ukweli, fundi. Ninunue nitengeneze, au niachane naye?"

"Mpaka nipate uzi."

"Uzi? Uzi ninao." Akatoa mkobani kibunda cha uzi wa maua.

Teokotai aliuzungusha kwenye gurudumu la nyuma, akauvuta mbele pande zote mbili, apime kama magurudumu yamenyooka. "Shika hapo, mama. Usilegeze." Akaiti alishika. Vidole vyao vilikuwa kwenye uzi mmoja, na alihisi kila mtikisiko wa mkono wa yule mwanamume ukimfikia kama ujumbe. Upande mmoja uzi uligusa gurudumu la mbele. Upande mwingine ulipita mbali kwa vidole viwili.

Kisha akapiga kiki. Mara ya tatu injini iliitika, safi, kama mtu aliyeamshwa na jina lake.

"Injini nzima," alisema. "Tatizo ni fremu. Imepinda shingoni."

"Si utainyoosha?"

"Kwa moto na nyundo itanyooka. Itapendeza kabisa. Halafu siku moja asubuhi, ukiwa kwenye kona, itakatika." Alimtazama Tuaine. "Usinunue. Au baba yake hawezi kukusaidia upate nyingine?"

"Baba yake Tuaine yuko Auckland," Akaiti alijibu. "Ana mambo yake."

Mambo yenyewe yalikuwa mke mwingine na watoto mapacha, lakini hayo mtu hasemi sokoni. Teokotai aliitikia kwa kichwa, akauzungusha uzi taratibu, akamrudishia. "Nipe namba yako, mama Tuaine. Nikisikia pikipiki nzuri, nitakupigia."

Alipiga jioni ileile, kusema hajasikia kitu. Kesho yake akapiga tena.

"Bado?" Akaiti aliuliza, simu kaibana begani, anamenya taro.

"Bado. Unapika nini?"

"Hiyo nayo ni ya pikipiki?"

"Fundi lazima ajue mteja anakula nini. Ajue uzito."

"Ebo! Nitakukatia simu!"

Hakukata. Simu zile zilikuwa fupi zilipoanza, kisha zikawa ndefu, zikapita katikati ya nyimbo za mazoezi kutoka kanisani na mvua ndogo za jioni. Teokotai alimsimulia kuhusu bibi yake aliyeendesha pikipiki mpaka miaka themanini, kuku wawili kwenye kapu. Akaiti alimsimulia jinsi Tuaine anavyoongea usingizini. Wakati mwingine walinyamaza wote wawili, na kila mmoja akasikia bahari ya mwenzake ikigonga mwamba, moja upande wa kaskazini, nyingine upande wa jua linapochomoza.

Lakini daima ilikuwa "mama Tuaine". Usiku mwema, mama Tuaine. Mungu akulinde, mama Tuaine. Akaiti alikuwa akiiweka simu mezani na kujiuliza kosa lake ni nini, mpaka jina lake lishindwe kupita kwenye kinywa kile.

Jumamosi ya pili, pikipiki nyekundu haikuwepo sokoni.

"Mama, ile pikipiki?"

"Ilishaondoka!" Mama Upokoina alifuta mikono. "Teokotai kaichukua tangu Jumatatu ile. Hata bei hakubishana."

Akaiti alihisi sauti za soko zinakwenda mbali, kama mtu aliyezama kichwa majini. Alikwenda nyuma ya mabanda, akapiga.

"Haloo, mama Tuaine! Nilikuwa nataka—"

"Umenunua ile pikipiki?"

Akasikia spana ikiwekwa chini.

"Nakuuliza, fundi. Umeniambia usinunue, itakatika, utaua mtoto. Kumbe unaitaka mwenyewe!"

"Si hivyo."

"Ni vipi basi? Wiki nzima unanipigia, bado sijasikia, bado sijasikia, na iko karakanani kwako!"

"Siwezi kukueleza kwenye simu. Itakuletea maneno. Kisiwa hiki kidogo, na wewe una... una heshima yako."

"Heshima yangu niachie mwenyewe. Shangazi amenikatia tiketi ya Jumatano. Nilikuwa sijamjibu. Sasa namjibu."

"Akaiti—"

Ndiyo mara ya kwanza alilitaja jina lake, na lilimkuta kidole kimeshabonyeza.

Jumatatu Teokotai alikwenda nyumbani kwa Mama Upokoina. Alikuwa hajala siku mbili, na ilionekana. Alimkuta akikaanga maandazi ya shule.

"Mama, nina ombi. Kuna pikipiki nimemaliza. Umuuzie Akaiti, kwa bei ndogo, useme ni yako. Jina langu lisitajwe."

"Kwa nini usimpe mwenyewe?"

"Mama! Nimpe mke wa mtu pikipiki? Mumewe akisikia huko Auckland?"

"Mume yupi?"

"Baba Tuaine. Na si alivaa ua kushoto? Nililiona mwenyewe, kwenye kioo."

Mama Upokoina aliweka mwiko chini. "Wapi?"

"Kwenye kioo cha pikipiki."

Yule mama alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, kisha tumbo, kisha machozi, hata maandazi yote ya sufuria ile yakawa meusi. "Fundi mzima!" alisema alipopata pumzi. "Vioo umevifunga miaka kumi! Hujui kioo kinageuza? Sasa unasimama nini hapa? Nenda, mjinga wewe, ndege ni keshokutwa!"

Sanduku lilikuwa barazani, na Tuaine kalikalia kama kiti, Akaiti aliposikia mlio wa injini. Aliufahamu. Alitoka na kanga begani, miguu peku, amejiandaa kugomba.

Lakini pikipiki iliyoingia uani haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya anga iliyofifia, ya kizamani, na nyuma ilikuwa na kapu la chuma. Teokotai aliizima, akavua kofia ngumu, akabaki kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia kanisani.

"Fremu ni ya bibi," alisema. "Haijawahi kuanguka. Injini yake ndiyo ilikufa kwa kutu. Ile nyekundu nilinunua kwa ajili ya injini. Imekaa humu kama ilizaliwa humu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akamweleza. Kioo, ua, Auckland, mke wa mtu, yote, huku masikio yakimwiva. Akaiti alisikiliza bila kucheka, ingawa mara mbili ilibidi aume mdomo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize. Kioo nimekusamehe. Lakini uliamua peke yako ninunue nini, nijue nini, nifichwe nini. Ungeniuliza tu, una mume? Neno moja, Teokotai. Nimelia kwa ajili yako kama mjinga, na sanduku nimefunga."

"Umelia?"

"Usitabasamu!"

"Sitabasamu." Alikuwa anatabasamu. Kisha akaacha. "Ni kweli. Nilikuwa naogopa jibu. Sasa uamue wewe. Ukitaka kwenda, nitawapeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Ukiitaka pikipiki na mimi hunitaki, chukua pikipiki. Na ukinitaka mimi..." Aliigeuza kofia mikononi. "Mimi nimekutaka tangu uliposhika uzi. Nataka kukuoa, Akaiti, kwa mchungaji, mbele ya watu."

Upepo ulipita kwenye migomba. Akaiti alivuta kanga, akaifunga kiunoni.

"Nipe ufunguo."

"Haya."

"Na kofia. Tuaine, kaa hapo na mjomba. Nyote msinifuate."

Aliiwasha, akatoka barabarani peke yake. Teokotai alisimama langoni na mtoto, wakausikiliza mlio ukififia kuelekea Matavera. Akaiti alipita makaburi meupe ya uani kwa watu, mashamba ya taro yenye maji yaliyobeba mawingu, mbwa waliolala ambao hawakuinuka. Penye barabara iliyonyooka, kando ya bahari, alipunguza mwendo na kulegeza vidole kwenye usukani, kidogo, kisha zaidi, mpaka viganja vikawa vinagusa tu. Pikipiki haikuyumba. Ilikwenda mbele, sawasawa, kama mtu anayejua anakokwenda na hana haraka ya kufika. Hewa ilinuka chumvi na tiare. Akaiti alitambua kwamba kwa siku nyingi alikuwa amebana mabega, na kwamba sasa yameshuka.

Alisimama chini ya mnazi, akatoa simu.

"Shangazi Mere? Ndiyo, tuko wazima. Shangazi, ile tiketi... nisamehe. Irudishe. Hapana, si kwa sababu ya mwanamume." Alifikiri. "Kidogo. Lakini kwanza nimenunua pikipiki."

Aliporudi, wale wawili walikuwa palepale langoni, wote wanakula ndizi.

"Nainunua," Akaiti alisema kabla hajazima injini. "Nakulipa injini, bei uliyompa Mama Upokoina, wala usinibishie. Keshokutwa ndiyo mwanzo wa mwezi, nakwenda kazini nayo."

"Na fremu?"

"Fremu si ya bibi? Bibi atalipwa kwa vitukuu."

Teokotai alichukua muda kuielewa, kisha ndizi ikamdondoka. "Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo, fundi. Sasa panda. Nataka Mama Upokoina atuone."

"Nikae nyuma? Mimi?"

"Mwenye pikipiki ni nani?"

"Ni wewe, mpenzi."

"Sema tena."

"Ni wewe, mpenzi wangu." Alisogea, akainua mguu, akasita. "Nishike wapi?"

"Utashika kapu, mpaka mchungaji atakapokwambia vingine," alisema, lakini alimvuta mkono mwenyewe akauweka kiunoni pake.

Tuaine alikuwa amewatazama muda wote huo, mdomo umejaa. Alimeza, akaja akasimama baina yao na kuwatenganisha kwa mikono yake miwili.

"Mimi nakaa katikati," alisema.