Kabla ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Kobe aliosha vyombo, akafagia sebule, kisha akapanga spana za mama yake kwenye sanduku la bati, kubwa chini na ndogo juu. Mama yake alikuwa fundi bomba, na hakupenda kutafuta spana huku maji yakimwagika. Kazi hizo zikiisha, Kobe alifunga kadi zake thelathini kwa mpira na kwenda maktaba.

Jina la Kobe alipewa na wenzake. Halikutokana na miguu, kwa maana alikuwa msichana mwepesi wa kukimbia. Lilitokana na ulimi. Alikuwa na kigugumizi, na neno ambalo wengine walilitoa kwa pumzi moja, kwake lilikwama kama meza pana mlangoni. Darasani alinyamaza. Uwanjani alinyamaza. Mahali pekee alipokaa na wenzake bila kuulizwa kwa nini hasemi ni kwenye meza ya kadi, kwa sababu pale kila mtu alikuwa ameinamia kadi zake.

Mchezo wao uliitwa Ngome. Wachezaji walikuwa wanne, kila mmoja na ngome ya vifungo ishirini vya shati. Mzunguko wa kwanza uliruhusiwa kucheza kadi za nguvu moja tu, wa pili zisizozidi nguvu mbili, na kuendelea hivyo. Ukishambuliwa usikinge, vifungo vinaondoka. Vikiisha, umetoka. Kadi zilikuwa za mchezaji mwenyewe, alizokusanya au kubadilishana na wenzake.

Viti vilikuwa vinne tu, na mlangoni palibandikwa orodha ya majina kumi na tisa ya waliokuwa wakingoja. Kwa hiyo mkutubi alikuwa ameweka sharti: atakayekuwa wa kwanza kutoka Jumamosi tatu mfululizo, atampisha mwingine.

Jumamosi iliyopita Kobe alikuwa wa kwanza kutoka. Na leo, hata kabla chai ya mkutubi haijapoa, alikuwa amebakiwa na vifungo vitatu.

"Kobe, leo umebeba nyumba yako au umeisahau?" aliuliza Kimbunga, mtoto wa mwoka mikate, akitupa kadi mezani. "Siafu hao. Moja, mbili, tatu. Hukingi? Haya, lete vifungo."

Kimbunga hakuwa na kadi hata moja kubwa. Alikuwa na siafu, nyuki na panya, wote wa nguvu moja au mbili, na aliwamwaga tangu mzunguko wa kwanza bila kupumzika. Miwani na Twiga, wachezaji wengine wawili, walitazama kimya. Kimbunga alipokuwa akimla Kobe, wao walipata muda wa kujenga.

Kobe aliweka kadi zake mezani. Zilikuwa Majitu matano, kila moja la nguvu saba. Mchezo wake ulikuwa umekwisha katika mzunguko wa tano.

"Umekufa na mikono imejaa," alisema Miwani kwa sauti ya chini, kama anayetoa pole.

"Bado moja," alisema Twiga. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anahesabu tu. Lakini Kobe alishika njia ya nyumbani akiona maneno hayo yameandikwa kwenye kila ukuta.

Wiki ile ilikuwa nzito. Jumatatu alibadilisha kadi zake tatu za mwisho za ngao, zile za kujikingia, apate Jitu jingine. Jumanne alilipanga fungu lake upya, akacheza peke yake mezani, upande mmoja Kimbunga, upande mwingine yeye. Alikufa mzunguko wa tano. Jumatano alipanga tena, akafika mzunguko wa sita, akafa. Aliandika kila mchezo kwenye daftari, na kurasa zote ziliishia na neno moja: "nimekufa". Alijiona amesimama mlangoni pa maktaba, jina lake likiwa la ishirini, akisikia vicheko vya mezani.

Alhamisi baada ya shule alifuatana na mama yake kazini, kumshikia tochi. Mwenye nyumba, mzee mmoja mwenye hasira, aliwaonyesha doa la maji kwenye dari ya jikoni.

"Ubao huu nimebadilisha mara mbili," alilalamika. "Kila mara naweka mzito zaidi, na kila mara unaoza!"

Mama hakuutazama ubao. Alipanda juu ya dari, akatambaa, akapapasa bomba kwa kiganja mpaka upande wa bafuni, hatua kumi na mbili kutoka kwenye doa. Pale kiungo kimoja kilikuwa kimelegea. Maji yalikuwa yakifuata bomba kimyakimya, kisha yanadondokea jikoni.

"Baba, ungebadilisha ubao mpaka uzeeke," alisema mama akishuka. "Panapodondoka sipo panapovuja."

"Kuzeeka nimeshazeeka, mwanangu," alijibu mzee, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Njiani Kobe alianza kulia. Mama aliliweka sanduku chini, wakakaa juu yake wote wawili. Kidogo kidogo, kwa maneno yaliyokwama na kukwamuka, Kobe alieleza kila kitu: siafu, Majitu, kiti, orodha.

"Huyo wa siafu," aliuliza mama, "anazuiwa na nini?"

"N-ngao. Ni za n-nguvu moja. Akipiga sana, kadi zinamwishia m-mkononi. Nimeandika. Mzunguko wa saba ha-hana kitu."

"Kumbe dawa unaijua. Ngao zako ziko wapi?"

"Nimezibadilisha."

"Kwa nini?"

Kobe alitazama viatu vyake. Ukitaka kukinga, alisema, lazima utamke neno "nakinga" kabla mshambuliaji hajahesabu tatu. Jitu halihitaji kutamkwa neno. Unaliweka tu mezani.

"Basi kumbe kiungo kilicholegea ndicho hicho," alisema mama. "Si kadi zako zilizo dhaifu, mwanangu. Unaogopa neno moja, na ukanunua ubao mzito kulificha."

Ijumaa, wakati wa mapumziko, Kobe aliyatoa Majitu yote isipokuwa moja, akapewa ngao kumi. "Umerogwa wewe!" alicheka mwenzake aliyeyapokea. Alasiri mama alimhesabia tatu kwa kugonga spana kwenye kipande cha bomba: ngo, ngo, ngo. Kobe alijaribu mara kumi. Mara sita neno lilitoka kwa wakati. Mara nne lilikwama kabisa, na mara ya mwisho lilikwama mpaka machozi yakatoka.

"Sita si kumi," alisema.

"Na si sifuri," alijibu mama.

Jumamosi Kobe alikaa kwenye kiti chake kama mtu anayekiaga. Mvulana wa kwanza kwenye orodha alikuwa tayari ameegemea kabati la vitabu, kadi mkononi.

"Siafu kwa Kobe," alianza Kimbunga. "Moja, mbili..."

Kobe alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka.

"Tatu. Lete vifungo."

Mzunguko wa pili, nyuki. Neno lilikwama tena. Vifungo vikabaki kumi na moja. Alitamani kuinuka mwenyewe kabla hajainuliwa.

Mzunguko wa tatu Kimbunga aliwatoa panya. "Moja, mbili..."

"Na... na-na..."

"Tatu!"

"...nakinga," alimaliza Kobe.

"Amechelewa," alisema Kimbunga, lakini bila uhakika.

"Alishaanza," alisema Miwani.

"Kuanza si kumaliza."

Walimwita mkutubi. Akavaa miwani yake, akatoa karatasi ya masharti iliyokunjwa chini ya kisanduku cha vifungo, ambayo hakuna aliyeifungua tangu mchezo ulipoletwa. Akasoma polepole: "Anayekinga aanze kusema kabla ya tatu."

"Aanze?" aliuliza Kimbunga.

"Aanze. Imeandikwa hivi toka siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kimbunga alikuna kichwa, kisha akawarudisha panya wake. "Sheria ni sheria. Ngao imesimama."

Kuanzia hapo haikuwa rahisi. Mara mbili neno lilikataa hata kuanza, na Kobe alilipa. Lakini mara tano lilianza, likajikokota, likafika, na wenzake walilingoja. Katika mzunguko wa saba Kobe alikuwa na vifungo vinne. Kimbunga alikuwa na kadi moja tu mkononi. Miwani na Twiga, ambao sasa walikuwa wamekwisha kujenga, walitazamana, wakamgeukia Kimbunga. Hakuwa na cha kujikingia. Akawa wa kwanza kutoka.

Kobe alitoka wa pili. Twiga alishinda. Yule mvulana aliyeegemea kabati alitia kadi zake mfukoni na kuchukua kitabu.

"Haya," alisema Kimbunga akikusanya siafu wake, "leo Kobe amekuja na nyumba yake." Halafu akaongeza, "Jumamosi ijayo nitaivunja."

"Ja-jaribu," alisema Kobe.

Nyumbani alimkuta mama akifuta spana. Alimweleza yote, hata mara zile nne ambazo neno halikutoka, na kuhusu ile karatasi.

"Miezi yote hiyo," alisema Kobe, "na ilikuwa i-imeandikwa."

"Ungeuliza siku ya kwanza, ungeijua siku ya kwanza," alisema mama. "Lakini kuuliza nako kunataka kufungua kinywa, na hapo ndipo palipokuwa panavuja. Mwanangu, tatizo halizibwi pale linapoonekana. Lifuate mpaka linapoanzia, hata kama ni mbali, hata kama ni ndani yako. Na neno likikwama, lianze tu. Anayekupenda atalingoja."

Kobe alichukua spana iliyokwisha kukauka, akaiweka mahali pake sandukuni. Kesho yake mwalimu wa hesabu angeuliza swali kama kawaida, na mkono wake, kama kawaida, ungetaka kubaki chini ya dawati. Kesho ni Jumapili, akakumbuka. Basi ingekuwa Jumatatu. Alikuwa na siku moja zaidi ya kufanya mazoezi.

"Mama," alisema, "ni-nihesabie."