Jini Lililopokea Simu

Kezia alizungumza na mzee Nduwayezu dakika mbili tu, kumwambia vifaranga wake wameshatoka Kasulu na kabla ya saa sita watakuwa Kibondo. Alipoitazama simu kwenye kituo cha mafuta, rekodi ilisema wamezungumza dakika kumi na tisa.

"Wazimu wa mitambo," alijisemea, akawasha gari.

Mzee Nduwayezu, ambaye kwa miaka yote humpokea kwa kiti na kikombe cha chai, leo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la kuku, mikono nyuma.

"Rudi nao," alisema.

"Nirudi na nani, mzee wangu?"

"Hao vifaranga wako. Nina wajukuu kumi na wawili, Kezia. Hakuna mtu amewahi kuniambia maneno uliyoniambia leo asubuhi."

"Maneno gani?"

Mzee alitema mate pembeni. "Kwamba mke wangu alikufa ili apate kupumzika kutokana na mimi."

Kezia angesingiziwa tu, angejitetea. Lakini siku ya msiba wa yule mama, alipomwona mzee akigombana na mafundi seremala mbele ya jeneza, aliyawaza maneno hayohayo, neno kwa neno. Hakuwahi kumwambia mtu.

Kezia Ndayikunda alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, mwenye gari, Noah ya zamani aliyoing'oa viti vya nyuma ili ibebe maboksi ya vifaranga. Watu wa Kasulu walimsifu kwa upole. Hawakujua kwamba upole ule ulikuwa hasira iliyofungiwa ndani na kufuli. Tangu amzike Kipriani, mume wake, miaka miwili nyuma, kila jambo lilimuudhi, na kila udhia aliumeza akaenda zake.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, akiwa anaendesha huku simu ameibana kati ya sikio na bega, nusura amgonge mama aliyebeba kuni. Kesho yake akaenda kwa Salumu, fundi redio wa magari pale Kasulu. Salumu alifungua dashibodi, akafunga kisanduku cheusi nyuma ya redio, akapitisha waya hadi juu ya kioo cha mbele na kubandika pale kipaza sauti kidogo kama punje ya harage. Kisha akakiunganisha na simu ya Kezia kwa bluetooth.

"Haya, dada," alisema akijifuta mikono. "Simu ikiita unabonyeza hapa, sauti inatoka kwenye spika. Mikono yote kwenye usukani. Hata trafiki hakusemeshi."

Kezia hakuuliza kisanduku kimetoka wapi. Naye Salumu hakusema.

Sasa alikuwa anarudi Kasulu na mzigo uliokataliwa, mchana kweupe, mvua nyembamba ikipiga kioo. Vifaranga walipiga kelele nyuma kama kawaida yao. Ghafla wakanyamaza wote, kama waliomwona mwewe. Gari likajaa harufu ya tope la korongoni, tope lililokaa na kitu kilichooza. Kisha spika ya mlango wa kushoto ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi chake. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, haikuwa imeita.

"Halo," spika ikasema kwa sauti ya Kezia. Upande wa pili mtu alikuwa analia, kilio cha chini, cha mwanamke aliyeziba mdomo kwa kitenge. "Unalia? Lia. Bado sijaanza."

Kezia alikanyaga breki, akaupapasa mkoba. Alipoishika simu, sauti ilikuwa imekatika, na vifaranga wakaanza tena kulia.

Alipofika kwa Salumu hakuzima hata injini.

"Kisanduku kile ulikitoa kwenye gari gani?"

"Dada Kezia, taratibu, nina wateja hapa."

"Nimekuuliza, gari gani!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili watu kumsikia Kezia akipaza sauti. Mama muuza ndizi alisimama. Salumu akamvuta nyuma ya kibanda, macho yake yakikimbia huku na huku.

"Kuna gari lilitumbukia korongoni, huko milimani," alinong'ona. "Dereva alikuwa anagombana na mkewe kwa simu. Tulishuka siku ya tatu kulivuta. Yule bwana ameshakufa siku tatu, dada, betri imezama kwenye maji, na bado tulimsikia anamtukana mkewe mle ndani. Sauti yake kabisa."

"Na wewe ukakichomoa."

"Kilikuwa kizima..." Salumu aliinamisha kichwa. "Ni jini. Makorongoni wanakaa. Hili lilipata mdomo."

"Ukaja kunifungia mimi!" Kofi lilitoka kabla hajalifikiria. "Kichomoe. Sasa hivi!"

"Sikigusi tena. Hata uniue, sikigusi."

Hapo ndipo Kezia alipojiuliza jambo ambalo hasira ilikuwa imemficha: limeshampigia nani mwingine? Alifungua orodha ya simu zilizopigwa, akaishusha kwa kidole. Esteri. Leo, dakika arobaini na moja. Esteri, jana. Esteri, juzi. Kila siku kwa wiki mbili.

Esteri alikuwa mdogo wake wa pekee, ameolewa Kagerankanda, na Kezia alikuwa hajampigia kwa miaka miwili. Siku Kipriani alipozidiwa, Kezia, ambaye wakati huo hakuwa na gari, alimpigia Esteri mara kumi na moja aje na gari la mumewe. Esteri aliiona simu inaita, akaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea na sherehe aliyokuwapo. Aliyekaa naye meza moja ndiye aliyekuja kumsimulia Kezia baada ya mazishi. Kipriani alifia juu ya bodaboda, kichwa kimelala kwenye mgongo wa dereva, Kezia akiwa amemkumbatia kwa nyuma. Kezia hakumwambia Esteri kwamba anajua. Aliacha tu kumpigia. Hata habari ya ujauzito wa mdogo wake, ambao sasa ulikuwa na miezi minane, aliisikia kwa watu.

Alipiga. Simu ya Esteri ilikuwa inatumika. Kezia alijua inatumika na nani.

Aliiondoa Noah kwa kishindo kuelekea Kagerankanda. Ilikuwa saa kumi, mvua imekatika, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mabondeni na kulala juu ya barabara ya udongo. Vifaranga wakanyamaza. Harufu ya tope ikarudi.

"Esteri, mdogo wangu," spika zikasema kwa upole. "Nimekusamehe. Natoka Kasulu nakuja. Toka barabarani unipokee. Kuna ukungu, simama katikati kabisa nisije nikakupita."

"Ndiyo, Dada," Esteri alijibu, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha ya mtoto. "Nimeshatoka. Niko hapa kwenye kona."

"Esteri, rudi! Si mimi huyo! Rudi ndani!"

"Dada? Sikusikii vizuri."

"Nakuja," spika zikasema. "Usiondoke hapo."

Kezia aliizima simu akaitupa chini, akakinyofoa kipaza sauti juu ya kioo na waya wake wote, lakini sauti haikupungua, ila sasa ilimgeukia yeye, ikashuka, ikawa ya mtu anayenong'ona sikioni, ikimwambia kumi na moja, Kezia, aliziona zote kumi na moja, wewe umemshika Kipriani anapoa mikononi mwako na yeye anakula pilau, na kila neno lilikuwa la kweli, kila neno alikuwa amelilea mwenyewe usiku na mchana, na ghadhabu ikampanda kutoka tumboni hadi machoni mpaka akaona barabara nyekundu, na mguu wake ulikuwa umelalia kanyagio la mafuta, hakuna jini aliyeukandamiza, ulikuwa mguu wake na ulikuwa unakubali, na mbele, ndani ya ukungu, akamwona Esteri amesimama katikati ya njia na tumbo lake, anapunga mkono, anacheka.

Kezia alikata usukani. Noah ikapanda tuta, ikaingia shamba la mahindi na kuangukia ubavu.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake Esteri, Nsimire, mama wa Kikongo aliyekuja zamani kama mkimbizi kambini Nyarugusu na baadaye kuolewa pale kijijini. Watu walimwita kuombea wagonjwa, na wengine walimwogopa. Alimvuta Kezia kupitia dirishani, paji la uso linavuja damu. Esteri alikuja nyuma yake, mikono kichwani, akipiga mayowe, "Yebaba we! Yebaba we!"

Injini ilikuwa imezima. Lakini mle ndani mtu alikuwa anaongea.

"Ni nani anasema mule?" Nsimire aliuliza polepole.

"Ni mimi," Kezia alijibu. "Na si mimi."

Nsimire aliinama, akasikiliza kwa muda, jembe mkononi. Kisha akaingia nusu mwili, akakikwanyua kile kisanduku na kukileta nje, nyaya zinaning'inia. Hakikuwa na betri wala chochote, na kilizidi kusema. Akakiweka juu ya jiwe, akakizungushia chumvi na kuomba kwa lugha ya kwao huku jasho likimtiririka. Kisanduku kilimcheka kwa sauti ya Kezia.

"Haina maneno yake, hii," alisema akiinuka. "Inakulaka maneno yenye watu wanakataa kusema. Nikiivunja sasa, itakufuata wewe, chakula yake iko kwako. Sema yako kwanza, mwana wangu. Na kinywa yako."

Kezia alimgeukia mdogo wake.

"Uliiona simu yangu," alisema. "Siku ile. Uliiona inaita, ukaigeuza. Mume wangu alikufa juu ya pikipiki kama mzigo wa mihogo, Esteri, na wewe uliigeuza simu!"

Ukungu ulikuwa umetulia. Esteri aliketi chini kwenye matope, taratibu, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Niliiona," alisema. "Nilijua ni ugonjwa. Nilichoka na ugonjwa wake, Dada. Nilisema moyoni, leo tu, leo nipumzike. Sikujua ndiyo siku yenyewe."

Juu ya jiwe, kisanduku kilianza kusihi. "Kezia. Kezia, usiwasikilize. Nani atakusemea?"

"Nitajisemea," Kezia alisema, akampokonya Nsimire jembe na kukipiga kisanduku kwa kisogo cha jembe, mara moja, mara mbili, mpaka mikono ikafa ganzi na juu ya jiwe pakabaki vumbi na vipande vya waya.

Hakukuwa na upepo, lakini mahindi yalilala mstari mmoja kuelekea bondeni. Mbwa wa nyumba ya kwanza akabweka, kisha wa nyumba ya pili, kisha wa ng'ambo, mbali zaidi na zaidi, hadi mtoni. Nsimire alisimama akiwahesabu kwa vidole mpaka wa mwisho aliponyamaza.

"Imeenda," alisema.

Kezia alilia, lakini kilikuwa kilio cha hasira, cha kuuma midomo. Esteri alikuwa bado matopeni.

"Sijakusamehe," Kezia alimwambia.

"Najua, Dada."

"Haya, nyanyuka. Umelowa. Mtoto atapata baridi."

Akampa mkono, akamvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.