Maneno ya Siri Arobaini na Moja

Walikutana kwenye mapokezi ya hospitali, saa tatu asubuhi, wagonjwa wamejaa hadi mlangoni. Dada mwenye gauni la kijani na kompyuta begani alimgonga mfamasia, vidonge vikatawanyika sakafuni.

"Samahani, kaka. Nimekuharibia kazi."

"Kazi si kitu. Umeniharibia mapigo ya moyo."

"Hayo kayapimishe ghorofa ya pili," dada akajibu, akicheka.

Alikuwa amekuja kupima usalama wa kompyuta za hospitali. Programu yake ilibahatisha maneno ya siri ya wafanyakazi, yaliyo dhaifu yabadilishwe kabla mwizi hajayafikia. Kwa wiki tano wakapigiana simu kila mchana: "Umekula, mpenzi?" "Nishibe vipi sijakuona?"

Kisha dawa za maumivu zikapotea stoo. Mfumo wa kompyuta ulionyesha zimetolewa kwa jina la mfamasia. Akasimamishwa kazi, na akasikia kuwa neno lake la siri limo kwenye ripoti ya mpenzi wake. Akampigia dada simu.

"Ulilijua wiki nzima, ukaninyamazia! Umempa nani?"

"Sijampa mtu! Mkataba unanifunga mdomo mpaka mkurugenzi asome..."

"Basi kaolewe na mkataba wako!" Akakata.

Dada alilia, akanawa uso, akaomba kikao. Siku ya pili, ndani ya suti nyeusi iliyomkaa sawasawa, akaiwasha programu mbele ya wakuu wote.

"Waheshimiwa, hesabuni hadi kumi."

Hawakufika saba. Maneno arobaini na moja kati ya sitini yalikuwa yamevunjwa, la mkurugenzi likiwemo. Ukumbi ukaguna.

"Yeyote angeweza kuingia kwa jina la mfamasia. Na aliyeingia siku ya wizi alitumia kompyuta ya stoo, saa nne kamili. Saa hiyo mfamasia alikuwa wodini na madaktari wawili."

Macho yote yakamgeukia mtunza stoo, aliyeitwa kikaoni pamoja na wakuu. Jasho likamtoka. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekiri.

Mfamasia alimkuta dada uani, akifunga begi.

"Nilikufokea bila kukusikiliza. Nisamehe, laazizi."

"Ukanikatia na simu."

"Nikakukatia na simu. Mama anataka kukuona Jumamosi."

"Kuniona kama nani?"

"Kama mkwe wake, ukinikubali."

Mfamasia akaanza kuhangaika na vifungo vya koti lake.

"Nakuja," dada akasema. "Ila nakuja na shangazi, kwa hiyo jiandae kuhojiwa."

Mfamasia akapiga ukelele wa furaha. Madirisha ya wodi ya wazazi yakafunguka, na wauguzi wakamjibu kwa vigelegele.