Jembe la Mke wa Fundi Cherehani

Wenzangu wa mtaa huu, sogeeni karibu. Nasema wazi, kwa sababu jambo hili limo katika nyumba nyingi na watu wanalifunika tu.

Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa na raha zake. Pacha wamekwenda shule, vyombo vimeoshwa, na ua wa nyuma unamngoja aulime kabla ya mvua, apande nyanya na karoti. Mara mumewe, fundi cherehani, akaingia na jembe jipya begani, pana, zito, mpini umepakwa vanishi mpaka unang'aa.

"Nimekuchagulia kubwa kuliko yote dukani," akasema. "Majirani wajue mke wangu halimi kwa vijembe."

Mama Pacha akashukuru, akaingia kazini. Lakini udongo wa pale ni wa mfinyanzi, mkavu. Jembe liligonga likaruka. Mpini ulikuwa mnene, vidole vyake havikuuzunguka. Kufika adhuhuri viganja vimetoka malengelenge, kiuno kinawaka moto. Siku zikapita, mawingu yakaanza kukusanyika, na ua ukawa vilevile. Mume naye, badala ya kuuliza kulikoni, akamsema mbele ya wateja: "Jembe nimenunua. Dawa ya uvivu sina."

Neno hilo lilimuuma kuliko malengelenge, maana tangu azaliwe hajaitwa mvivu. Hakugombana. Alilibeba jembe mpaka kwenye cherehani, wateja wakitazama.

"Baba Pacha, hebu njoo unilimie tuta moja tu, nijifunze."

Fundi akakunja mikono ya shati, akaenda kwa mbwembwe. Nusu ya tuta hakufika. Akaketi chini anahema, kajishika mgongo.

"Hili jembe lina nini?"

"Halina kitu, mume wangu. Wewe hushoni gauni bila kumpima mwenye mwili. Mimi ulinipima lini?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fundi leo alikilalia.

Jioni wakaenda dukani pamoja, na safari hii mchaguzi ni mama. Muuzaji akamletea yanayong'aa, akayakataa. Alishika hili, akainua lile na kulishusha kana kwamba yuko shambani, watu wakicheka, yeye hana habari. Kwa kuvunja udongo ule akachukua jembe la meno, jepesi, mpini mwembamba unaomfikia kifuani. Kwa kusawazisha, reki. Fundi akabeba vyote.

Basi meno yale yalizama ardhini, madongoa yakapinduka, na Mama Pacha akalima huku anaimba. Mvua ilipoanguka ilikuta matuta yamejipanga na mbegu ziko chini. Alisimama uani analowa kwa makusudi, anacheka peke yake. Fundi akawaita wateja waje waone.

"Kazi ya mke wangu hiyo," akasema. "Mvivu nilikuwa mimi. Mvivu wa kuuliza."

FUNZO

Usimchagulie mtu chombo cha kazi kwa macho yako, ilhali mkono ni wake. Anayelima ndiye aushike mpini dukani. Na kabla hujamwita mwenzako mvivu, shika kwanza jembe lake, ulime.