Mtu wa Nane wa Plum Hollow

"Bernita! Wanaing'oa bendera yetu na wewe umekaa tu unatafuna keki?"

"Unataka nifanyeje, wifi? Nimewahesabu. Wako wanane."

Wageni kutoka Tabor Junction walikuwa wamepanda juu ya viti, wanafungua kamba za bendera ya klabu pale ukutani, huku wakicheka kama watoto waliokuta jiko wazi. Katika ukumbi mzima wa chini ya kanisa la Plum Hollow aliyenuna alikuwa Lavonne Kucera peke yake. Wengine walikuwa wanasaidia kushika viti.

Ndivyo wacheza dansi ya mraba walivyo. Klabu ikija kwenu na watu wanane kamili, mraba mzima, ikacheza nanyi jioni ile, ina haki ya kuondoka na bendera yenu. Mkiitaka, nanyi mwende kwao wanane, mkacheze, mrudi nayo. Hakuna wizi hapo. Ni mbinu ya wazee ya kuwafanya watu watembeleane, klabu zisife kila moja kwenye pembe yake.

"Tunawasubiri Jumamosi," mgeni mmoja alisema akiikunja bendera. "Pai zitakuwepo. Na msichelewe, tunamuaga Delmar."

Lavonne alikuwa anakunja waya wa maikrofoni. Mkono ulisimama.

"Mnamuaga anakwenda wapi?"

"Arizona. Kuna kambi ya wastaafu wanataka mwitaji wao wenyewe. Anahama kabisa, mama. Hata ng'ombe ameshauza."

"Haya. Mungu amsaidie," Lavonne alisema, akaendelea kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjika.

Delmar Vosika alikuwa mwitaji wa Plum Hollow kabla ya kuwa wa Tabor Junction. Mwitaji ndiye anayeshika maikrofoni na kuwaambia wachezaji nani amshike nani, nani apite wapi. Kazi yake ni kuwatawanya watu wanane, awachanganye mpaka wapotee, kisha amrudishe kila mmoja kwa mwenzake kabla wimbo haujaisha. Hasomi popote, yote yamo kichwani. Delmar alikuwa na kichwa hicho, na sauti ya kukufanya usahau ndwele zako.

Aliondoka Plum Hollow kwa sababu ya Lavonne, na kila mtu alijua. Katika dansi ya mwaka mpya, Lavonne akiwa tayari mjane, alishuka jukwaani, akavuka ukumbi mbele za watu, akamwomba Lavonne wacheze. Lavonne akasema, "Hapana." Kwa watu hawa hukatai mkono ulionyooshwa. Kama mguu unauma, unacheza na mguu unaouma. Delmar alirudi jukwaani akamaliza kazi yake, na wiki iliyofuata hakuonekana.

Tangu hapo Plum Hollow walicheza kwa sauti za kurekodi. Watu wakapungua. Sasa walibaki jozi tatu na Bernita, dada yake marehemu Milo, mume wa Lavonne. Hao ni saba. Lavonne mwenyewe hahesabiki, maana hachezi. Yeye ni mwelekezaji wa dansi ya duara, ile ya wawili wawili kuuzunguka ukumbi. Anasimama na maikrofoni, anawatajia hatua kabla hawajazipiga. Tangu Milo afe, miaka minne, amewaambia wenzake pa kuweka miguu, na ya kwake haijanyanyuka.

* * *

"Saba na wewe nane," Bernita alisema asubuhi yake, akiwa jikoni kwa Lavonne, amevuta kiti bila kukaribishwa. "Hesabu gani ngumu hapo?"

Lavonne alikuwa anajaza maandazi ya kolache kwa rojo la matunda ya plamu. Hakugeuka.

"Mimi sichezi."

"Utacheza na mimi. Nitashika upande wa mwanamume. Nimeushika tangu wanaume wa mji huu walipoanza kuogopa kuonekana wakitabasamu."

"Bernita, nimesema sichezi. Tafuteni mtu mwingine."

"Nimtoe wapi? Mchungaji ana goti bovu. Halafu wiki ijayo ni maonyesho ya wilaya. Tutapita juu ya trela mbele ya watu wote, tunawaambia njooni darasa jipya, njooni mjifunze, na bendera hatuna. Nani ataingia klabu isiyoweza hata kutimiza mraba?"

"Basi ife."

Bernita aliweka kikombe mezani polepole.

"Rudia."

"Sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha. Wewe mwenyewe unabandika karatasi za darasa kila duka, unawabembeleza wasichana wa benki waje wajaribu, halafu unasema ife. Unamwogopa nani, Lavonne? Delmar?"

"Simwogopi Delmar."

Na hapo alisema kweli. Aliyemwogopa alikuwa ameketi pale pale, na chembe za sukari kidevuni. Lavonne hakuwa na mtoto wala ndugu. Milo alipokufa alimwachia nyumba, lori bovu na wifi mmoja. Wifi huyu ndiye aliyempeleka hospitali alipovunjika mkono, ndiye anayempigia kila asubuhi kumuuliza kama ameamka. Angemwambiaje kwamba anampenda mwanamume mwingine? Na si tangu jana. Tangu Milo akiwa mgonjwa kitandani.

Bernita alipoondoka, Lavonne alifuta unga mikononi akachukua simu. Aliandika, akafuta. Akaandika tena.

"Nasikia unahama. Safari njema."

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

"Asante. Naondoka Jumatatu. Utakuja Jumamosi?"

"Sijui."

"Njoo. Kama hutaki kucheza, kaa tu. Nikuone."

Alikaa na simu ile mpaka kolache zikaungua. Akitaka kusema lolote kwa Delmar, alikuwa na siku moja tu ya kulisema.

* * *

Jumamosi waliingia Tabor Junction wanane. Lavonne alivaa sketi yake ya zamani yenye marinda, na Bernita alivaa tai ya Milo.

"Usinitazame hivyo," Bernita alisema. "Mwanamume bila tai ni mkulima tu."

Ukumbi ulijaa, miraba sita. Delmar alikuwa jukwaani anainama kwenye spika. Aliponyanyua kichwa alimwona Lavonne amesimama ndani ya mraba, mkono wake mkononi mwa Bernita, anasubiri kuitwa kama mchezaji yeyote. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Delmar, tunazeeka huku!" mzee mmoja alipaza sauti.

"Haya, haya. Wasalimuni wenzenu. Wasalimuni majirani. Shikaneni mikono, zungukeni kushoto!"

Lavonne alidhani miguu imesahau. Haikusahau. Sauti ile ilipotoka, miguu iliitii kama zamani, akapita chini ya mikono ya watu, akazungushwa, akapokewa, akaachiwa. Alikuwa anacheka. Alijisikia anacheka na akaona aibu, lakini hakuweza kuacha.

"Mpe jirani mkono wa kushoto," Delmar aliita, "mzungushe, sasa mrudie mwenzako, mpeleke nyumbani!"

Lavonne alinyoosha mkono na kumkuta bwana mnene asiyemjua. Bernita alikuwa upande wa pili, ameshikwa na mke wa bwana huyo. Miraba yote sita ilikuwa imesimama, kila mtu ameshika mtu asiye wake, watu zaidi ya arobaini wanatazamana.

Kuna sheria kwamba mraba ukivunjika hakuna kulaumiana. Lakini hakuna sheria ya kutocheka.

"Delmar! Mke wangu umempeleka wapi?"

"Mwache, Bill, umbadilishe na huyo!"

"Kosa ni langu," Delmar alisema kwenye maikrofoni, masikio yamemwiva. "Tuanze upya."

Walianza upya. Akawapoteza tena, mahali pale pale. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Mwitaji huwatazama wachezaji wote apate kujua nani yuko wapi. Delmar alikuwa anamtazama mmoja, na sasa ukumbi mzima ulijua ni nani. Lavonne aliachia mkono wa bwana mnene, akatoka mlangoni.

* * *

Delmar alimkuta kwenye ngazi za nje, jua likiwa bado juu ya mahindi.

"Nimekuaibisha," alisema.

"Umejiaibisha mwenyewe."

"Hilo nimezoea. Lavonne, nieleze kitu kimoja nikaishi nacho huko Arizona. Ile siku ya mwaka mpya nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi hunitaki. Sema tu. Mimi ni mtu mzima."

"Nakutaka!" Ilitoka kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Nakutaka, Delmar. Ndiyo ubaya wenyewe. Unajua Milo alikufa lini? Jumanne. Jumanne ya dansi. Mume wangu anakata roho kitandani, mimi niko ukumbini nazunguka kwa sauti yako, na nina furaha. Unasikia? Nilikuwa na furaha. Nilirudi nyumbani naimba wimbo wako, nikamkuta ameshapoa. Mwanamke gani huyo?"

Delmar alikaa kwenye ngazi ya chini yake. Hakumshika.

"Sina cha kukuambia cha kuliondoa hilo," alisema. "Nikikuambia si kosa lako utaona nataka nikuoe tu."

"Na hutaki?"

"Nataka. Ndiyo maana sisemi."

"Basi nitasema mimi."

Wote wawili waligeuka. Bernita alikuwa mlangoni, tai imelegea, kipande cha pai mkononi.

"Bernita, umesikia..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Lavonne, usiku ule nani alikuwa amekaa na Milo?"

"Wewe."

"Mimi. Niliyemwona ni mimi. Miaka minne, wifi yangu, hukuniuliza hata siku moja alikufaje. Nilingoja uniulize. Nikasema labda hataki kujua."

"Alikufaje?" Lavonne aliuliza.

"Alikunywa supu kidogo. Akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, 'Sasa hivi wanaanza dansi ya duara, Lavonne anaipenda.' Akalala. Hakukuita, hakuniita mimi, hakuogopa. Sikujua kama amekwenda mpaka nilipomgusa. Ungekuwepo ungekaa kama nilivyokaa, unafuma soksi. Hayo ndiyo yote. Hakuna kingine kilichofichwa."

"Ungenilaumu," Lavonne alisema, machozi yanamtiririka. "Nilijua ukijua kuhusu Delmar ungenilaumu, nikukose na wewe pia."

"Kuhusu Delmar nimejua kabla ya wewe kujua. Unadhani wale wanane wa Jumanne walikuja Plum Hollow kwa upepo? Nani aliwapigia simu akawaambia waje wachukue bendera?"

"Wewe!"

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua hutakwenda kwa hiari, na nilijua tuko saba."

Delmar alicheka, akaziba mdomo. Bernita alimtazama.

"Na wewe unacheka nini? Mwitaji gani anapoteza miraba sita mara mbili? Nendeni ndani, mwelekezaji wao ameshaanza."

Ndani walikuwa wameanza waltz ya duara. Delmar alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mimi sikuombi," alimwambia Lavonne kwa sauti ya chini. "Niliomba mara moja."

"Najua." Alinyoosha mkono mbele za watu wote wa Tabor Junction. "Delmar Vosika, utacheza na mimi?"

"Dansi ya duara siijui vizuri. Sisi waitaji tunakuwa nje tunakunywa kahawa."

"Nitakuambia pa kukanyaga."

Akamwambia. Mwelekezaji wa ukumbi alikuwa anasema yake kwenye maikrofoni, lakini Delmar alimsikiliza yule wa sikioni: kushoto, geuka, nirudie, taratibu, nirudie. Alimkanyaga mara nyingi. Hakuna aliyelalamika.

"Delmar."

"Eh?"

"Usihame."

Wimbo ulipoisha Delmar alimrudisha kwa Bernita, akamwinamia kidogo kama desturi, akapanda jukwaani. Delmar alichukua maikrofoni.

"Tangazo kabla ya awamu ya mwisho. Plum Hollow wanaanzisha darasa la wachezaji wapya. Leteni watoto wenu, majirani zenu, na mtu yeyote mwenye miguu miwili, hata mmoja tutatafuta namna. Mwelekezaji wanaye. Mwitaji hawakuwa naye." Alikohoa. "Kuanzia leo wanaye. Jumatatu nitawapigia wale wa Arizona niwaombe radhi. Haya, pangeni miraba!"

Ukumbi ulilipuka. Bill alirusha kofia. Lavonne alisimama katikati ya kelele, hana pa kuweka uso, akauweka begani kwa Bernita.

Wakirudi nyumbani Bernita aliendesha gari kimya kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida yake. Bendera ilikuwa imekunjwa kwenye kiti cha nyuma. Walipofika kwenye geti la Lavonne hakuzima injini.

"Akikuoa," alisema akitazama mbele, "mimi sitakuwa tena wifi yako. Nimelifikiria hilo njia nzima. Nimefanya mwenyewe, na sijutii, lakini nimelifikiria."

Lavonne alinyoosha mkono akazima injini yeye.

"Shuka," alisema. "Kahawa ipo. Nataka unieleze tena kuhusu usiku ule, tangu mwanzo, usiruke kitu. Na kesho asubuhi nipigie kama kawaida uniulize kama nimeamka. Hata nikiwa na mume. Usipopiga nitakuja kukugongea mlango."

"Mume wako atachoka."

"Atazoea. Shuka, wifi."

Bernita alifungua tai ya kaka yake, akaikunja vizuri, akashuka.